Gango Lenye Kumbukumbu

Pengo la mfupa wa fuvu au wa uso halina umbo maalumu. Aghalabu tabibu hutwaa kipande cha mfupa wa nyonga ya mgonjwa mwenyewe, akakichonga. Kisipooana na kingo za pengo, mifupa huenda isiungane. Mwaka 2014 Melissa Grunlan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, Marekani, walieleza njia nyingine: kiunzi cha plastiki chenye vitundu, ambacho kikitiwa katika maji moto ya chumvi hulainika, kikashindiliwa pengoni. Humo hutanuka kulirudia umbo lake la kwanza, lakini hukoma penye ukuta wa jeraha, kikipoa, hukaza. Seli za mfupa zikaye vitunduni, nacho kiyeyuke polepole. Leo wako wachapao kwa mashine viunzi vyenye kumbukumbu kama hiyo, tabaka juu ya tabaka.

Msaidizi naye huja na umbo lake: elimu yake, desturi yake. Kuwa nalo si kosa; kosa ni kulitanua hata likapasua jeraha la mwenziwe. Tena kuna kipimo cha kuondoka. Ayeyukaye mapema humtupa mgonjwa. Asiyeyeyuka kabisa humtawala. Je, wangapi kati yetu hukubali kusahauliwa mfupa ukisha kuota?