Maarifa Yaliyolipiwa na Wengi ni Mali ya Nani?

Ndugu wasomaji, liko swali moja ambalo huulizwa mara chache katika vijiji vyetu, walakini jibu lake lagusa chakula chetu na afya yetu. Swali lenyewe ni hili: Mtu akiwekwa na serikali kutafuta maarifa ya kilimo, akalipwa kwa fedha ya kodi ya watu wote, kisha akavumbua jambo lenye faida kubwa, je, jambo lile ni mali yake, au ni mali ya waliolipa, au ni mali ya kila mtu aliye na haja nalo?

Wako wajibuo upesi. Wengine husema, Ni lake, maana akili ni zake, na mchumia juani hula kivulini. Wengine husema, Si lake hata kidogo, maana kibarua alimaye shamba la mtu hachukui mavuno. Sisi twaona kwamba majibu haya yote mawili yana kweli ndani yake, na yote mawili yana upungufu. Basi haifai kukata shauri kabla hatujatazama mambo yalivyokuwa. Tutatazama habari tatu, mbili za Marekani na moja ya nchi yetu wenyewe, kisha tutapima.

Kwanza tujue kwa nini serikali hutoa fedha kwa kazi hii. Katika Marekani, mwaka 1887, ilitungwa sheria iitwayo Sheria ya Hatch, kwa jina la mjumbe aliyeipeleka barazani. Kwa sheria hiyo kila jimbo lilipewa dola 15,000 kila mwaka kwa kituo cha kujaribia kilimo. Maana ya jambo hili ni rahisi kufahamu. Mkulima akijaribu mbegu asiyoijua, nayo isiote, watoto wake hulala na njaa. Kituo kikijaribu mbegu isiote, huandika habari hiyo daftarini, na msimu wa pili hujaribu nyingine. Yaani hasara ambayo ingemwangamiza mtu mmoja hugawanywa kwa watu elfu nyingi, na kila mmoja huchukua sehemu ndogo asiyoisikia sana. Haba na haba hujaza kibaba. Huu ndio mzizi wa haki ya umma katika uvumbuzi wa namna hii: umma ndio uliobeba hasara ya majaribio yote yaliyoshindwa, na yaliyoshindwa ni mengi kuliko yaliyofaulu.

Sasa habari ya kwanza. Mwaka 1928, Alexander Fleming wa London aliona ukungu uuao vijidudu vya maradhi, akaiita dawa yake penisilini. Miaka mingi baadaye Howard Florey na Ernst Chain wa Oxford waliisafisha, wakaona kwamba yaponya kweli. Lakini walipata kidogo mno. Chain alitaka wachukue hataza, yaani hati ya serikali impayo mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasifanye kitu chake bila ruhusa. Wakuu wa elimu katika Uingereza walikataa, wakisema si adabu kwa watu wa tiba kufunga dawa kwa ajili ya faida. Mwaka 1941 Florey na mwenzake Norman Heatley walikwenda Marekani, na katika mji wa Peoria wakapokewa katika nyumba ya uchunguzi ya idara ya kilimo. Nyumba hiyo ilijengwa ili kutafuta matumizi mapya ya mazao, hasa mahindi yaliyozidi. Huko Andrew Moyer alilisha ule ukungu maji yaliyolowekewa mahindi katika kazi ya kutengeneza wanga, maji ambayo hayakuwa na thamani kubwa; na penisilini ikaongezeka mara nyingi. Mwaka 1943 tikiti moja bovu kutoka soko la mji ule ule lilitoa ukungu mwingine uliozaa zaidi kuliko wa kwanza. Hivyo dawa iliyokuwa adimu kuliko dhahabu ikawatosha majeruhi wengi wa vita.

Walakini tazameni mwisho wake. Mwaka 1948 Moyer alipewa hataza ya njia ile, na kwa nchi ya Marekani haki ikawa ya serikali yake. Tena aliomba hataza katika Uingereza kwa jina lake mwenyewe. Waingereza wengi walinung'unika, kwamba wao waliotoa bure sasa watatakiwa kulipa. Hapo twajifunza jambo moja gumu: ukarimu usio na ulinzi waweza kugeuzwa kuwa faida ya mwingine. Aachaye shamba lake bila boma kwa ajili ya majirani, asishangae akiona mtu mmoja amelizungushia boma lake.

Habari ya pili ni ya jimbo la New Jersey. Katika kituo cha kilimo cha jimbo lile alikuwako mtaalamu wa vijidudu vya udongo, Selman Waksman, na chini yake mwanafunzi, Albert Schatz, mtoto wa mkulima, aliyelipwa dola 40 kwa mwezi. Schatz alifanya kazi katika chumba cha chini ya nyumba, mchana na usiku, na mwezi wa Oktoba 1943 akapata kijidudu kimoja katika udongo wa shamba lenye samadi, na kingine cha namna hiyo hiyo katika koo la kuku. Vijidudu hivyo vilitoa dawa iitwayo streptomaisini, dawa ya kwanza iliyoweza kuvishinda vijidudu vya kifua kikuu. Wasomaji wetu waijuao nyumba iliyoondokewa na baba, kisha mama, kisha mtoto mkubwa kwa kikohozi kile, hawahitaji kuambiwa ukubwa wa jambo hili. Siku hizi dawa nyingine bora zimepatikana, lakini ile ndiyo iliyofungua mlango.

Hapa hataza ilichukuliwa, na haki ikapewa shirika la chuo kikuu cha Rutgers. Kampuni ya Merck, iliyokuwa na mapatano ya zamani na Waksman, ilikubali mwaka 1946 kuachilia haki yake ya kuifanya dawa peke yake, hata kampuni nyingi zikaweza kuifanya. Basi hataza ile haikuwa ukuta tu. Ilitumika pia kama lango, na fedha iliyopatikana ilisaidia kujenga nyumba mpya ya elimu ya vijidudu. Hata hapo mambo yalikuwa mema. Lakini Schatz aliombwa kuiacha haki yake kwa dola 1, naye akakubali akidhani hakuna afaidiye nafsi yake. Baadaye alipata habari kwamba mwalimu wake alikuwa akipokea sehemu ya fedha. Mwaka 1950 alimshitaki, na kabla ya mwisho wa mwaka ule wakapatana: Schatz akakubaliwa kuwa mvumbuzi pamoja na mwalimu wake, akapewa asilimia 3 ya mapato, na Waksman asilimia 10, wengine waliofanya kazi katika nyumba ile nao wakagawiwa sehemu. Mwaka 1952 nishani ya Nobel alipewa Waksman peke yake. Tena alikuwako Elizabeth Bugie, ambaye jina lake liliandikwa pamoja na yao katika habari ya kwanza ya dawa ile mwaka 1944, lakini katika hataza halikuonekana.

Basi twaona kwamba yawezekana kuwatendea mema watu wa dunia nzima na papo hapo kumdhulumu mtu wa nyumbani mwako. Wema mkubwa haufuti deni dogo. Mwenye shamba akilisha kijiji kizima wakati wa njaa, huku amezuia ujira wa mvunaji wake, kijiji kitamshukuru, lakini Bwana wa mavuno asikia kilio cha mvunaji.

Habari ya tatu ni ya Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki. Kituo kile kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kikawa cha Waingereza waliotawala Tanganyika. Huko H. H. Storey na wenzake walichunguza batobato, ugonjwa ukunjao majani ya muhogo na kudhoofisha mizizi yake. Mwaka 1938 Storey na R. F. W. Nichols walieleza jinsi inzi weupe wadogo wachukuavyo ugonjwa ule toka mmea hata mmea. Tena walioza muhogo na mti wa mpira utokao Brazili, ambao ni wa jamii moja na muhogo, lakini wavumilia ugonjwa. Watoto wa ndoa ile walikuwa na nguvu, bali mizizi yao haikufaa. Basi wakawarudisha kwa muhogo mara ya pili, na ya tatu, wakiwachagua na kuwatupa, mpaka mizizi ikawa mizuri na nguvu ikabaki. Kazi hiyo ilidumu hata miaka ya 1950.

Mbegu za mihogo ile zilipelekwa Nigeria. Katika miaka ya 1970, huko Ibadan, uzao wake ulitumika kuzalisha mihogo mipya yenye nguvu. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1980, batobato kali ikatokea Uganda, ikala mashamba wilaya baada ya wilaya, na watu wakaona njaa. Mihogo iliyoletwa kuwaokoa ilikuwa ya uzao ule wa Ibadan, yaani wajukuu wa Amani. Kilichotoka Afrika ya Mashariki bila kufungwa kilirudi Afrika ya Mashariki siku ya shida. Tena liko jambo lipendezalo zaidi. Muhogo uitwao Kaleso katika pwani ya Kenya na muhogo uitwao Namikonga katika Tanzania, wataalamu walipouchunguza waliona ni uzao mmoja, nao watoka Amani. Na siku hizi watafutwa sana kwa sababu wavumilia ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Nani aliyeutunza miaka yote baada ya kazi ile kwisha? Ni wakulima, walioukata vipando na kupeana mkono kwa mkono, pasipo hati wala mshahara.

Sasa tupime. Twaona wako watu watatu wadaio kitu katika kila uvumbuzi wa namna hii. Wa kwanza ni mtenda kazi: yeye adai ujira wa haki na jina lake litajwe, hata akiwa mwanafunzi au kibarua aliyepalilia vitalu vya majaribio. Wa pili ni umma: wao walilipa, tena walibeba hasara; basi si haki walipe mara ya pili bei isiyofikiwa na maskini. Wa tatu ni wale wajao, maana hata mvumbuzi hakuanza na mikono mitupu. Udongo wa New Jersey, tikiti la Peoria na mti wa Brazili havikuumbwa na mwanadamu, na maarifa ya kuvichungua alipokea kwa waliomtangulia.

Mtu atauliza, Je, hataza ni dhambi? Hatusemi hivyo. Nani atajenga kiwanda kwa gharama kubwa, kama kesho jirani atauza kitu kile kile bila kugharimia lolote? Mwaka 1980 Marekani ilitunga sheria iviachiayo vyuo haki ya uvumbuzi uliolipiwa na serikali, kwa sababu uvumbuzi mwingi ulikuwa umelala katika makabati ya serikali bila kutumiwa. Talanta iliyofukiwa haimfaidii mtu, hata ikifukiwa na serikali. Lakini sheria ile ile iliiachia serikali haki ya kuutumia uvumbuzi, na ya kuingilia kati ikiwa mwenye hati hautumii kwa faida ya watu.

Hapo twakumbuka Torati. Mwenye shamba hakunyang'anywa shamba lake. Boazi alikuwa na mashamba, na mavuno yalikuwa yake. Lakini aliamriwa asivune pembe za shamba, wala asirudi kuokota masazo, maana hayo ni ya maskini na mgeni. Ruthu hakuomba sadaka alipoingia shambani. Aliingia kwa haki. Sisi twaona hivi ndivyo ifaavyo kwa maarifa yaliyolipiwa na wengi. Aliyejitaabisha avune. Lakini pembe za shamba si zake, na maskini aokotaye pembeni asifukuzwe kama mwivi.

Wala tusidhani neno hili ni la wakubwa wa vyuo na viwanda tu. Tuseme mtu mmoja amepewa na bwana shamba vipando vya muhogo usioshikwa na ugonjwa, bure, ili vienee kijijini. Njaa ikaja, naye akavifungia, akavitoa kwa mbuzi na kwa vipande vya ardhi ya majirani. Je, ni halali ajipatie ujira kwa kupanda, kupalilia na kukata? Ni halali. Je, ni halali auze kana kwamba ameumba yeye? Hasha. Amechukua boma la watu wote akaliita lake. Na jirani achukuaye vipando bure, kisha asimsaidie mwenzake kupalilia, wala asiseme kwa nani alivipata, yeye naye ameiba, ijapokuwa hakuna hakimu atakayemwita.

Basi, ndugu zetu, mbegu njema ikifika mikononi mwenu, mwulize ilitoka wapi, mkawaambie watoto wenu majina ya walioitafuta, mlipeni aliyejitaabisha, kisha mpelekeeni vipando jirani ambaye shamba lake limenyauka, kabla hajaja kuwaomba.