Nani Abebe Amana ya Siri?

Kila mwaka inapokaribia tarehe 30 Juni, ambayo ndiyo siku ya mwisho ya raia wa Kenya kupeleka hesabu ya mapato yake kwa Mamlaka ya Mapato, vibanda vya saiba katika miji ya Migori, Rongo, Awendo, Oyugis na Homa Bay hujaa watu ambao aghalabu hawana kompyuta nyumbani, na baadhi yao hawajapata kuifungua kwa mkono wao wenyewe ile barua pepe ambayo serikali inawadai wawe nayo. Huja mwalimu mstaafu, huja mvuvi kutoka Mbita, huja mkulima wa miwa, huja mama aliyeambiwa kuwa bila akaunti ya eCitizen hatapata cheti anachokitaka. Na anayewahudumia wote ni kijana mmoja mwenye vidole vyepesi, ambaye hulipwa kwa kila kazi na kwa hiyo hana budi kuharakisha. “Mama, paswadi nikuwekee gani?” huuliza, naye mama hujibu, “Weka yoyote, mwanangu, bora wewe uikumbuke.” Kijana huweka jina la kifungua mimba na mwaka aliozaliwa, akalinakili katika daftari lililo kando ya kibodi, chini ya namba ya kitambulisho; na kabla hajageuka kumpokea mteja wa pili, kivinjari humtolea kisanduku kidogo kinachouliza kama siri ile ihifadhiwe, naye hubonyeza kukubali, maana kukubali ndiko kunakokiondoa kisanduku upesi.

Katika mbonyezo huo limetendeka jambo ambalo dini zote za nchi hii zimelipa uzito mkubwa. Mtu amemkabidhi mwingine kitu ambacho kikipotea kitamdhuru, naye aliyekabidhiwa amekipitisha kwa chombo kisicho na roho. Nauliza, basi, ni nani sasa mwenye kuibeba amana ile: ni kijana, ni mwenye kibanda, ni kivinjari, au ni mama mwenyewe aliyesema weka yoyote?

Mafakihi wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani yetu, wameifafanua amana ya kuwekeana kwa insafu kubwa. Mwenye kuwekewa hadaiwi fidia ikiwa kitu kimepotea bila ya kosa lake, lakini hudaiwa akizembea katika kukihifadhi, na hudaiwa vilevile akimkabidhi mtu wa tatu pasipo udhuru wala idhini ya mwenyewe. Ukubwa wa jambo hili waonekana katika mwaka 622, Mtume Muhammad alipouhama mji wa Makka ilhali watu wake wanataka kumwua: alimwacha Ali nyuma ili azirudishe amana ambazo watu wa mji ule ule walikuwa wameziweka kwake, kwa kuwa uadui wao haukumwondolea dhima ya vitu vyao. Kwa upande wa pili, Wakatoliki, ambao ni wengi katika Homa Bay na Migori, wanajua kwamba padri aliyesikia maungamo haruhusiwi kuyatoa hata akitishwa kifo, na Mtaguso wa nne wa Laterani, mwaka 1215, uliweka adhabu kali kwa padri atakayevunja sharti hilo. Mila hizi mbili zinatofautiana kwa mengi, walakini zinaafikiana katika hili, kwamba mwekewa siri ni nafsi yenye dhamiri, inayoweza kuulizwa, kujibu, kuona haya na kutubu.

Kivinjari hakiwezi hata kimoja katika hayo. Kwa sababu hiyo naamini kuwa hakiwezi kuwa amini. Ni sanduku tu, na dhima yote hubaki juu ya yule aliyekitia kitu ndani ya sanduku. Na sanduku lenyewe linahitaji kujulikana, maana kutojua ndiko kunakozaa madhara. Kivinjari cha Chrome, katika kompyuta ya Windows, hufungia siri zilizohifadhiwa kwa ufunguo unaotegemea akaunti ya mtumiaji wa kompyuta ile. Ufunguo huo wafaa sana nyumbani, ambako kila mtu ana akaunti yake, lakini katika saiba wateja wote huketi ndani ya akaunti moja, hata ikawa ufunguo mmoja unazifungua siri za mtaa mzima, na anayeufungua ukurasa wa mapato baada ya mama yule hukuta jina lake na siri yake zimekwisha kujijaza zenyewe. Liko na lililo zito zaidi. Ikiwa kijana alikwisha kuingia katika Chrome kwa akaunti yake mwenyewe ya Google na kuruhusu mambo yake yalinganishwe kati ya vyombo vyake, basi siri ya mama haikai kibandani, bali husafiri hadi katika simu iliyo mfukoni mwa kijana, ikaenda naye kwao Suna jioni, ikabaki naye hata akiacha kazi; na yote hayo bila ya yeye kukusudia uovu wowote. Huyu ni amini aliyebeba mizigo ya watu mia mgongoni, na hajui kuwa amebeba.

Udhaifu huu haukuanza kwetu. Siri ya kuingilia katika kompyuta ilianza kutumiwa katika chuo cha MIT, Marekani, katika mfumo ulioongozwa na Fernando Corbató na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1961. Na mwaka 1962 tu mtafiti mmoja wa chuo hicho, Allan Scherr, akitaka saa zaidi za kuitumia mashine, aliiamuru ichapishe orodha nzima ya siri za wenzake, nayo ikatii.

Sasa nije kwenye adha ya pili, ambayo wateja huilalamikia zaidi kwa sababu huiona kwa macho: matangazo ya kamari, ya dawa na ya mikopo yanayochomoza katika pembe ya kioo, ukurasa wa kuanzia uliobadilika pasipo mtu kuubadilisha, na maonyo ya uongo kwamba kompyuta imeingiwa na virusi kumi. Aliyepata kufika Thimlich Ohinga, ile ngome ya Migori iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, ameona kuta za mawe zilizopangwa bila udongo wala chokaa, mahali pengine zikipita kimo cha mtu mara mbili, na malango mafupi yanayomlazimu mwenye kuingia ainame mbele ya mlinzi. Programu za matangazo hazibomoi ukuta wa namna hiyo. Hufunguliwa lango kutoka ndani. Mwanafunzi anayetafuta matokeo ya mtihani huulizwa na tovuti kama anaruhusu kuletewa taarifa, naye hudhani kuwa asiporuhusu hataona matokeo, basi huruhusu; au kijana wa saiba huteremsha programu ya kubadilisha PDF, na ndani ya programu ile mna kiendelezi cha kivinjari, chenye alama ya kukubali iliyokwisha kutiwa na mkono wa mwingine.

Wako wasemao kwamba madhali mtu alibonyeza, basi ameridhia, na aliyeridhia hana la kudai. Mimi sikubali. Katika biashara, mafakihi wamekwisha kuamua kuwa ridhaa iliyopatikana kwa ghushi humwacha mdanganywa na haki ya kuuvunja mkataba, kwa kuwa mtu huridhia kile alichokijua, na alichofichwa hakikuridhiwa. Desturi yetu ya kupiga hodi ina maana kwa sababu mwenye nyumba husikia sauti na kumtambua anayeita kabla ya kusema karibu. Mgeni aitumiaye sauti ya jirani ili afunguliwe hakukaribishwa, hata kama alifunguliwa mlango. Mwaka 2015 ilijulikana kuwa kompyuta kadhaa za Lenovo zilikuwa zimeuzwa zikiwa na programu ya matangazo, Superfish, ambayo ilitia cheti chake cha uongo ndani ya mashine ili iweze kusoma hata kurasa zilizofungwa kwa usimbaji, zikiwamo za benki. Nao ufunguo wa cheti hicho ulikuwa mmoja kwa mashine zote, basi aliyeupata mmoja alizipata zote. Wanunuzi waliulipia mlango ambao tayari ulikuwa wazi. Kisha yuko muundaji wa kiendelezi cha The Great Suspender, kilichotumiwa na watu zaidi ya milioni mbili, ambaye mwaka 2020 alikiuza kwa mtu asiyejulikana, na Februari 2021 Google ikakizima kwa kuwa kilikwisha kutiwa msimbo wa hila. Hapa ile hukumu ya mafakihi juu ya amana yahusu moja kwa moja: kumkabidhi mtu wa tatu bila idhini ya wenyewe. Milioni mbili waliuzwa pamoja na chombo walichokiamini, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa.

Sheria ya Kenya imejaribu. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2018 inamwadhibu mwenye kutoa nywila ya mtu kwa kujua na bila mamlaka, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka habari za mtu zisihifadhiwe kupita haja iliyozileta. Lakini kijana wetu hakutoa siri kwa kujua. Alizembea tu, na mahakama itapata taabu kumshika. Dhamiri humshika. Uzembe kwa kitu cha mwingine ni kosa, na huzidi kuwa kosa kadiri mwenye kitu asivyoweza kujilinda, kwa maana asiyesoma hakukupa nusu ya hadhari yake ubakie na nusu, amekupa yote. Wajibu wa kijana si mgumu: afungue dirisha la mgeni ambalo halikumbuki kitu likifungwa, akatae kisanduku kile kila mara, asiingie kwa akaunti yake katika mashine ya wateja, na mwenye kibanda aondoe viendelezi asivyovijua chanzo chake. Hayo humgharimu dakika moja kwa mteja, na najua kuwa dakika kwake ni shilingi; nami nasema ni halali aitoze, kuliko kuifanya kazi kwa bei ndogo akailipia kwa dhima.

Hudaiwa pia kwamba kosa la kwanza ni la mama, kwa kuwa mtu hatakiwi kumwambia yeyote siri yake. Kanuni hiyo imeandikwa na watu wanaosoma, wenye mashine zao, kwa ajili ya watu kama wao. Mama asiyeona vizuri herufi hana hiari ya kutomwamini mtu. Hiari yake ni kumchagua wa kumwamini, na akimchagua mwanawe au mjukuu, amechagua kwa hekima kuliko anayeitawanya siri moja katika vivinjari vitatu ambavyo hajui vinaipeleka wapi. Wala nisidharau karatasi. Kwa miaka mingi wataalamu waliwakataza watu kuandika nywila zao, wakimfikiria karani anayeibandika kwenye kioo ofisini. Hawakumfikiria mama wa Ndhiwa, ambaye karatasi yake itakaa katika sanduku moja na hati ya shamba. Mwizi aliye ng'ambo ya bahari haifikii. Basi kijana na aiandike siri katika karatasi hiyo badala ya daftari lake, amkabidhi mwenyewe mkononi, amsomee herufi kwa herufi, na amwambie kuwa mwanawe wa sekondari atakaporudi likizo aibadilishe pamoja naye, ili hata yeye kijana asiijue tena.