Jina Lenye Mwenyewe

Jumamosi moja jioni, hapa Tukuyu, walinijia wazazi ambao mtoto wao alikuwa abatizwe kesho yake. Walimchagulia jina la Lusajo, yaani baraka. Shangazi wa mtoto akakataa: hilo ni jina la mwanawe, wamemwibia. Nami, kwa kutaka amani, nikawashauri watafute jina lingine.

Ushauri ule unanisumbua hadi leo. Katika Luka 1, jamaa za Elisabeti walilipinga jina la Yohana kwa kuwa hakuna aliyeitwa hivyo katika ukoo. Sisi tunapinga kwa kuwa yupo! Nasi Wanyakyusa tunachangia majina ya ukoo. Akina Mwaipopo ni wengi, na sijaona aliyepungukiwa.

Lakini, wapendwa, simdharau shangazi yule. Alimpata mwanawe baada ya kungoja miaka mingi. Jina lile kwake ni shukrani. Nilipaswa kwanza kwenda kupiga hodi kwake, nimsikilize. Sikwenda, ilikuwa mvua, nami nilikuwa na mahubiri ya kumalizia.

Mtoto nilimbatiza kwa jina lingine. Nyumbani, nasikia, bibi yake humwita Lusajo.