Susu Avuke, au Mjukuu?

Kila Desemba, mabasi ya Nairobi yakishusha watu Kitui na Wote, kuna kisa kinachojirudia. Mjukuu wa miaka saba anashuka na begi mgongoni. Susu anamwita kwa Kikamba. Mtoto anamtazama mamake: "Amesema nini?" Basi Susu, aliyepita sabini, anaanza kutafuta Kiswahili alichookota sokoni, ili tu amuulize mtoto wa mwanawe kama ana njaa.

Kwetu Makueni, hao walikuwa mama yangu na binti yangu. Kwa wakwe zangu kule Kitui mambo ni yale yale. Siku hizi najiuliza: kati ya hao wawili, nani alipaswa kuvuka?

Ukiuliza wataalamu, utaambiwa mtoto. Mwaka 1967 Eric Lenneberg aliandika kwamba wepesi wa kupokea lugha hufifia mtu akishabalehe. Mwaka 2018 watafiti waliochambua majibu ya watu kama 670,000 wanaojua Kiingereza waliusogeza mpaka huo, kwa upande wa sarufi, hadi miaka 17 hivi. Lakini kuna utafiti mwingine wa Uholanzi, wa 1978, wa Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle: mwanzoni vijana na watu wazima waliwatangulia watoto wadogo.

Hilo nililiona kwa mama. Ngeli hazikumsumbua hata kidogo. Mwenye mũtĩ na mĩtĩ kwake afundishwe nini kuhusu mti na miti? Kilichomshinda ni r, ambayo Kikamba hakina. Akasema "kalanga". Mtoto akaangua kicheko, nasi wakubwa tukamsaidia kucheka. Jioni hiyo mama hakusema mengi.

Sasa hapo umri ulimnyima nini? Ulimi ulikuwa ukifanya kazi. Kilichoisha ni ruhusa ya kukosea. Mtoto akikosea tunamwona mtamu, mzungu mzima akijaribu Kikamba tunampigia makofi, ila mzee wetu tunamfanya kichekesho, halafu tunasema ati wazee hawashiki lugha.

Na mtoto pia simlaumu. Hakuchagua kulelewa bila Kikamba. Ni mimi niliyeona Kiswahili na Kiingereza vinatosha nyumbani Nairobi, nikijiambia atajifunza akikua. Sisi wa katikati ndio tunaojua lugha zote mbili, na ndio tuliochoka kufundisha. Tukamwachia kazi ngumu yule ambaye kwake ni ngumu zaidi, kwa sababu yeye hawezi kukataa kuongea na mjukuu wake.

Agosti iliyopita niliwakuta uani wakimenya mbaazi. Binti, sasa ana miaka kumi na mmoja, aliuliza zinaitwaje kwa Kikamba. Mama akamwambia. Mtoto akarudia, vibaya kabisa. Mama akaanza kucheka, akafunika mdomo kwa mkono, kisha akalisema tena, polepole.