Mwizi Aliyetubu na Haki ya Kupeleleza

Je, mwizi aliyeacha wizi anastahili kusadikiwa anapomnyoshea mwingine kidole na kumwita muuaji? Riwaya za fantasia hulikabili swali hili kila zinapomfanya mwizi mwerevu wa jana kuwa mpelelezi wa mauaji ya mjini leo. Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilianza kwa mhusika wa namna nyingine. Bwana Msa, aliyeumbwa na Muhammed Said Abdulla katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), ni muungwana. Mauaji yanayohusishwa na mzimu huyafumbua kwa mantiki, na neno lake hukubalika kwa kuwa yeye mwenyewe hadaiwi na mtu.

Mwizi hana mtaji huo. Alicho nacho ni ujuzi: anajua kufuli hufunguliwaje na mwongo hutulizaje uso. Nchini Ufaransa, Eugène François Vidocq (1775–1857), mfungwa na mtoro wa jela, alikuja kuongoza kikosi cha wapelelezi wa Paris, na kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 1828. Serikali ilihitaji ujuzi wake. Haikuhitaji toba yake.

Suala hili si la vitabuni tu. Mtaani Tudor, kama katika mitaa mingine ya kisiwa cha Mombasa, ukelele mmoja wa "Mwizi!" watosha kukusanya umati, nao umati hauulizi iwapo aliyekamatwa aweza kubadilika. Kauli yake ni methali: siku za mwizi ni arubaini. Kwa kauli hiyo, kisa cha mwizi kina mwisho mmoja. Lakini lugha hiyo hiyo ina methali inayoipinga: mchawi mpe mwana kulea. Anayeogopewa hukabidhiwa amana, na amana ndiyo inayomfunga. Mwizi anayepewa kazi ya kupeleleza yumo katika hali hiyo.

Hata hivyo, amana peke yake haimalizi deni. Katika mafundisho ya Kiislamu, ambayo wasomaji wengi wa pwani wanayafahamu, toba ina masharti: kuacha kosa, kujuta, kuazimia kutolirudia, na, pale penye haki ya mja, kumrudishia mwenyewe haki yake. Hapa ndipo mhusika huyu anapopaswa kupimwa. Akimfichua muuaji, amewatendea haki waliouawa. Wale aliowaibia wangali wakidai. Werevu wake, hata ukiokoa mji mzima, haulipi mkufu wa mjane mmoja.

Kwa hivyo, riwaya inayomsafisha mwizi kwa ushindi wa upelelezi imekwepa swali lake yenyewe. Ile inayompeleka, baada ya muuaji kukamatwa, hadi kwenye mlango alioufungua usiku, safari hii abishe hodi mchana, imelijibu. Ushahidi wake juu ya muuaji waweza kuwa wa kweli hata kabla ya hodi hiyo. Kinachoingojea hodi ni uungwana wake.