Je, Machozi ya Wimbo ni Ibada?

Ndugu wasomaji, hapa Babati, chini ya mlima Kwaraa, kwaya ipazapo sauti zake nne siku ya Bwana, mtu huweza kulia asijue sababu. Na pengine mtu huyo huyo, akitoka kanisani, hupita mbele ya nyumba ya nduguye wasiyesemezana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba, wala hageuzi uso. Basi nauliza: machozi yale yalikuwa ibada, au yalikuwa maji tu?

Na tuutazame wimbo ulio mkubwa kuliko zetu. Tarehe 7 Mei 1824, katika mji wa Vienna, ilipigwa kwa mara ya kwanza simfonia ya 9 ya Ludwig van Beethoven. Simfonia ni utungo mrefu wa fidla, filimbi, tarumbeta na ngoma zipigwazo pamoja. Katika sehemu tatu za kwanza hakuna aimbaye, kwaya hungoja. Katika sehemu ya nne ndipo sauti ya mtu mmoja huinuka, kisha kwaya nzima, kuisifu furaha na undugu wa watu wote. Naye mtungaji alikuwa kiziwi. Yasimuliwa kwamba watu walipopiga makofi hakusikia, hata mwimbaji mmoja mwanamke akamgeuza awaone. Aliwapa wengine furaha ambayo masikio yake hayakuionja.

Wimbo huo umefika hata Kongo. Mjini Kinshasa, mwaka 1994, Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, alianzisha okestra katika kanisa la Wakimbangu. Ala zilikuwa chache, watu wakazipokezana. Na wengi walijifunza wenyewe. Filamu ya mwaka 2010 yawaonyesha wakiipiga na kuiimba simfonia hiyo katika mji wenye taabu nyingi. Nani atasema mioyo yao haikuinuliwa?

Lakini tusijidanganye. Mwezi wa Aprili 1942, mjini Berlin, simfonia iyo hiyo ilipigwa kuadhimisha siku ya kuzaliwa kwa Hitler, wakati Wayahudi walipokuwa wakiuawa kwa maelfu. Undugu wa watu wote uliimbwa vizuri, wala mkono wa mwuaji haukuzuiwa. Nabii Amosi aliwaonya Waisraeli zamani kwamba Mungu hapendezwi na nyimbo zao pasipo haki.

Je, tunyamaze basi? Sivyo. Wimbo ni kama mvua ya kwanza: hulainisha udongo, lakini haushiki jembe. Mkulima asiyetoka kulima hawezi kuilaumu mvua, wala hawezi kujisifu kwamba shamba lake lililowa. Machozi ya kanisani ni dalili kwamba moyo umelainika. Ni neema, lakini si mavuno.

Tena kwaya yenyewe yatufundisha kulima. Mwimbaji atakaye kusikiwa peke yake huuharibu wimbo. Humpasa kungoja zamu yake na kuisikiliza sauti ya jirani. Afanyaye hivyo kanisani, je, atashindwa kumsikiliza jirani mpakani?

Basi, ndugu, wimbo ukikutoa machozi, usiyaone haya, wala usiyahesabu kuwa haki yako mbele za Mungu. Siku iyo hiyo, udongo ungali laini, piga hodi kwa nduguyo. Hapo ndipo machozi yako yatakapokuwa ibada.