Chembe Zife, Mtoto Je?

Kila mtu wa Nachingwea na Ruangwa ajua harufu ya mabibo yaozayo chini ya mikorosho. Katika uozo wa matunda na majani, katika nchi nyingi za dunia, huishi mnyoo mdogo ambaye urefu wake ni kama milimita 1. Hakai tumboni mwa mtu wala hamdhuru. Mwili wake waangaza kama kioo, hata atazamaye kwa hadubini huona koo, utumbo na mayai bila kumpasua.

Sydney Brenner, mzaliwa wa Germiston katika Afrika Kusini, alimchagua mnyoo huyu katika miaka ya 1960 ili ajue jinsi kiumbe kinavyoumbika. Mwenzake John Sulston alikaa Cambridge akilitazama yai, akifuata kila chembe ikigawanyika kuwa mbili, kwa muda wa mwaka na zaidi. Twamstaajabia, sisi wachungaji huchoka upesi hata kwa mwanafunzi mmoja wa ubatizo. Mwaka 1983 yeye na wenzake wakachapisha habari yote. Katika mnyoo atagaye mayai, chembe 1,090 za mwili huzaliwa, na 131 kati yake hufa, kila moja mahali pake na saa yake. Hubaki 959. Naye Robert Horvitz alionyesha ya kuwa amri ya kufa imo ndani ya chembe yenyewe. Hata vidole vya mtoto aliye tumboni hutengana kwa kuwa chembe zilizo kati yake hufa.

Mwalimu mmoja wa kanisa alizisikia habari hizi, akazichukua mpaka makaburini. Alimwambia mama aliyefiwa ya kuwa mtoto wake alikuwa kama chembe zile, amewekewa kufa ili mwili ukamilike. Yule mama akauliza, "Na mbu je, naye aliwekewa?" Mwalimu akainama.

Sisi hatuwezi kulikubali neno la mwalimu, ingawa alilisema kwa huruma. Chembe haililiwi, tena mwili unaofaidika kwa kufa kwake ndio mwili wake. Je, ni mwili gani uliokamilika kwa kufa kwa mtoto yule? Hatukuuona. Tena amri ya chembe imo ndani yake, bali malaria ilimjia mtoto kutoka nje, usiku, katika nyumba isiyo na chandarua.